Ujumbe Uliokosea Mlango

Walimwita Filimbi kwa sababu ya sauti yake. Ilikuwa nyembamba na safi, na ikishapanda juu kanisani, hata waliokuwa wameanza kusinzia walijikuta wamekaa wima. Mwenyewe alilipenda jina hilo siku alizoamka vizuri. Siku alizoamka vibaya alikuwa na uhakika kwamba wamempachika kumdhihaki, na kwamba hata sasa, mahali fulani, kuna watu wamekaa duara wanaendelea kumcheka.

Na siku za kuamka vibaya zilikuwa nyingi. Kabla jicho la pili halijafunguka, mkono ulikuwa umeshafika chini ya mto kutafuta simu. Huko alimkuta msichana waliyesoma pamoja amevishwa pete, mwingine ana jiko jipya lenye makabati meupe, mwingine ana uso laini usiojua chunusi ni kitu gani. Alipofika bafuni kupiga mswaki, alikuwa ameshashindwa mbio ambazo hakuna aliyemwambia kwamba zimeanza. Maombi yake yalikuwa ya mlangoni: "Bwana nilinde, nimechelewa," huku anatafuta kiatu cha kushoto.

Aliishi kwa dada yake, katika chumba kidogo kilichopakana na jiko. Dada alikuwa na kazi ya zamu kiwandani. Shemeji alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na akiwa nyumbani aliimba besi kwenye kwaya ileile ya Filimbi. Filimbi mwenyewe alikaa kaunta ya duka la dobi: anapokea nguo, anapekua mifuko, anabandika namba, anawaahidi watu kesho. Nyuma ya pazia alikuwepo mama mmoja mnene, mwenye mikono isiyosikia joto, aliyekuwa akipiga pasi pale tangu Filimbi hajazaliwa. Kila mtu alimwita Mama Pasi, hata mumewe.

Sasa, mambo yenyewe yalianza kwa kicheko.

Jumatano moja mazoezini, rafiki yake wa karibu, binti mtaratibu waliyemwita Mpole, alikaa karibu na Dada Nesi badala ya kukaa naye. Dada Nesi alikuwa muuguzi kweli, na ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza. Filimbi alipomaliza ubeti wake, wale wawili waliinamiana wakacheka. Basi, ni hicho tu. Mtu mwingine angeuliza, "Mnacheka nini?" na mambo yangeishia hapo. Filimbi hakuuliza. Alikibeba kile kicheko mpaka nyumbani, akalala nacho, akaamka nacho, akakilisha vizuri, na kufikia Ijumaa kilikuwa kimenenepa.

Kwanza alilinyamazisha kundi la kwaya kwenye simu, ili wajue. Watajuaje kwamba mtu amewanyamazisha, hilo hakulifikiria. Jumamosi hakwenda mazoezini, akasema kichwa kinamuuma. Jumapili alikaa nyuma kabisa, na kabla ya baraka za mwisho alikuwa ameshatoka kwa mlango wa pembeni. Jumatatu Mpole akapiga simu. Filimbi akaitazama ikiita mpaka ikanyamaza. "Ajirudi kwanza," akasema moyoni. Ikaita tena, akaikata. Mpole hakurudia, na hapo ndipo Filimbi alipoumia kweli. "Unaona? Hata kunitafuta hanitafuti!"

Alhamisi, Dada Nesi akabandika picha kwenye ukurasa wake. Wasichana wa kwaya, wote, jikoni kwa kina Mpole. Mmoja amefunga aproni, mwingine amejaa povu mpaka viwikoni, Dada Nesi mwenyewe ameshika ufagio kama gitaa. Wanacheka mpaka magego yanaonekana. Filimbi hayupo.

Kidonda hicho hakijapata hata ganda, Ijumaa asubuhi ukaingia ujumbe wa mwalimu wa kwaya: "Kesho uje kabla ya wenzako. Nina jambo la kuzungumza nawe."

Hapo kichwani mwa Filimbi kesi ikasikilizwa, mashahidi wakaitwa, hukumu ikasomwa. Wamekaa kikao kule jikoni. Wamekubaliana. Kesho anafukuzwa. Asubuhi nzima alifanya kazi kwa mikono tu, akili haikuwepo. Bwana mmoja aliyekuja kuchukua suti yake ya kikao alikabidhiwa gauni la kijani lenye shanga, na alilishika kwa muda, kwa adabu, kabla ya kuuliza kama kuna uwezekano wa kupata suruali.

Saa ya chakula akatoka uani, akasimama katikati ya mashuka ya hoteli yaliyoanikwa, akatoa simu ili amrekodie dada yake ujumbe wa sauti. Picha ya dada kwenye simu ilikuwa ya mwanamke aliyevaa bluu. Picha ya kundi la kwaya ilikuwa ya watu wengi waliovaa bluu. Kwa macho yaliyojaa machozi, mmoja na wengi hawana tofauti kubwa.

"Dada," akaanza, pua imeziba, "wananifukuza kwaya. Ndiyo, kesho. Na waache wanifukuze, kwani pale kuna kwaya? Dada Nesi anaimba kama mtu aliyekanyaga moto. Besi wote, akiwemo na mume wako, unisamehe, wanavuma kama friji mbovu. Mwalimu anapiga kinanda utadhani anafukuza nzi. Na huyo Mpole ninayemwita rafiki, heri ningekuwa na urafiki na jiwe, maana jiwe ukiligonga angalau linatoa sauti..." Akaendelea hivyo mpaka hewa ikaisha. Akaachia kidole. Ujumbe ukaenda. Akafuta pua, akarudi kaunta akiwa mwepesi kidogo, kama mtu aliyetapika.

Mchana ulikuwa umeanza kupoa simu ya duka ilipoita.

"Dobi, habari za mchana."

"Shemeji," ikajibu sauti nzito kutoka mbali, na nyuma yake injini ya lori. "Hapa ni friji."

Filimbi hakuelewa. Kisha akaelewa. Damu yote ikahama usoni, ikaenda mahali ambako yeye mwenyewe hakupajua.

"Shemeji... umesikiaje?"

"Nimesikiaje? Kwaya nzima imesikia! Mimi nimesimamisha gari pembeni, maana nisingeweza kuendesha. Angalia kundi, shemeji yangu. Na Mungu akutie nguvu."

Kufuta ilikuwa kazi bure, kila mtu alikuwa ameshausikiliza. Lakini si hilo lililomkalisha chini juu ya kapu la nguo chafu. Alipokuwa akipandisha mazungumzo juu kutafuta ni nani amesema nini, alikutana na maneno ya Mpole ya Jumatatu: "Wapendwa, mama amelazwa ghafla, kesho anafanyiwa upasuaji. Naombeni mtuombee. Filimbi nimempigia simpati, aliye karibu naye amwambie." Chini yake, ahadi za watu: nitakuja kufua, nitakuja kupika, mimi nitalala hospitali zamu ya kwanza. Kisha Alhamisi: mama ametolewa, wasichana waende wakasafishe nyumba kabla hajafika. Kisha picha ileile ya ufagio.

Mama Pasi alimkuta pale kwenye kapu, amejifunika uso kwa taulo la mteja.

"Hilo taulo ni chafu," akasema.

"Najua."

"Haya, toa uso nikuone. Kuna nini, mwanangu?"

Filimbi akamweleza yote, toka kicheko cha Jumatano mpaka friji. Mama Pasi alijitahidi kutocheka kwenye ile habari ya nzi, akashindwa, akaomba radhi, akavuta kiti.

"Kwamba walikuwa wanakucheka wewe, nani alikuambia?"

"Hakuna, ila..."

"Kwamba wamekutenga, nani alikuambia?"

"Hakuna."

"Kwamba kesho unafukuzwa?"

"Nilijiambia mwenyewe, mama."

"Na huyo ndiye uliyemwamini wiki nzima." Mama Pasi akatikisa kichwa. "Sasa sikiliza. Mimi wazo likinijia, siliachii likae tu kwa sababu limejua njia ya kuingia. Nalipeleka kwa Bwana, namwambia, hili limekuja, ni lako au si lako? Ni la kweli au ni hofu yangu tu? Mengi nikiyataja kwa sauti hata mwenyewe nayaonea aibu. Wewe mambo yote haya Mungu ulimwambia?"

"Ningemwambiaje, mama, na hasira yote ile? Nilisema nitaomba nikishatulia."

"Kumbe! Hapa dukani watu wangesubiri nguo zitakate kwanza ndipo walete, si tungekuwa tumeshafunga?"

Filimbi akacheka huku analia, jambo ambalo si zuri kwa mtu mwenye pua iliyoziba. Mama Pasi akamshika mkono. Wakaomba hapohapo, pasi ya mvuke ikipumua pembeni kama mtu wa tatu. Filimbi hakutafuta maneno mazuri. Alisema ana wivu. Alisema anaogopa kuachwa, na kwamba uoga huo ndio uliomfanya awe wa kwanza kuacha. Alisema rafiki yake alikuwa anamhitaji, naye alikuwa amekaa anajihurumia. Alipofika kwenye amina, kifua kilikuwa na nafasi.

"Sasa nenda," akasema Mama Pasi.

"Niende wapi?"

"Kwa Mpole. Hilo la kule huwezi kulimaliza ukiwa umekaa juu ya kapu langu. Kaunta nitaangalia mimi."

Njia nzima Filimbi alipanga hotuba. Hodi yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba alilazimika kuirudia. Mpole akafungua, akamtazama, akaegemea mlango.

"Jiwe limekufungulia mlango," akasema.

Hotuba yote ikayeyuka. "Nimekukosea," Filimbi akasema. "Sikujua habari za mama. Sikujua kwa sababu niliwanyamazisha. Na simu yako niliiona, nikaikata. Sina la kujitetea."

"Uliikata?" Mpole akaacha kuegemea mlango. "Mimi nilikuwa kwenye korido ya hospitali. Nilitaka mtu mmoja tu wa kuniambia itakuwa sawa. Sikutaka kwaya, nilikutaka wewe."

Filimbi alitamani ajieleze, aseme juu ya kicheko, juu ya picha, juu ya namna kichwa chake kinavyokimbia. Akayameza yote. "Nisamehe," akasema tu.

"Nimekusamehe. Lakini bado nimekasirika. Vyote viwili vipo."

"Sawa. Nitavisubiri."

Kutoka chumbani sauti dhaifu ikaita, "Ni Filimbi huyo? Mwacheni aingie! Na aje arudie ile ya kukanyaga moto!"

Mama yake Mpole alikuwa amelala juu ya mito, mkono umeshika ubavu. "Shikamoo mama," Filimbi akasema, akiangalia sakafu.

"Marahaba mwanangu. Wewe karibu uniue. Wamenishona juzi tu, halafu mnaniwekea vichekesho. Nilicheka mpaka nikamwita nesi aliyekuja kunisafisha kidonda, na nesi mwenyewe ndiye huyohuyo unayemsema, naye anacheka!"

Hivyo ndivyo Filimbi alivyojua kwamba Dada Nesi ameshasamehe, au angalau ameshacheka. Uani kulikuwa na beseni la mashuka yaliyoloweka. Hakuomba ruhusa. Alikunja mikono, akavuta kigoda, akaanza. Baada ya muda Mpole akaja na kigoda chake.

"Kile kicheko cha Jumatano," Mpole akasema bila kuinua uso, "Dada Nesi alikuwa amevaa viatu vya rangi mbili. Alitoka zamu gizani, akavaa kimoja cheusi kimoja cha kahawia. Ndicho tulichokuwa tunacheka."

Filimbi akaacha kufua. "Viatu?"

"Viatu."

Wakatazamana. Wa kwanza kupasuka alikuwa Mpole, na povu likaruka mpaka ukutani.

Jumamosi alikwenda kabla ya wenzake, kama alivyoagizwa. Mwalimu wa kwaya alikuwa anapanga viti.

"Mwalimu, kabla hujasema, naomba radhi. Kwa ile ya kinanda na kwa yote."

"Ile ya nzi?" Mwalimu akakaa. "Niliudhika. Usiku nikamsikilizisha mke wangu ili aniunge mkono. Akaniambia ni kweli, nainua mikono mno." Akakohoa. "Jambo nililokuitia ni hili. Watoto wa shule ya Jumapili wanataka kwaya yao, na sauti yako wanaifuata kirahisi. Nilitaka uwafundishe."

Filimbi alishika mgongo wa kiti. "Na sasa hutaki tena."

"Nani amekuambia?" Mwalimu akashangaa.

Ile kesi ya kichwani ilikuwa imeanza tena, hapohapo, mbele ya mtu anayempa kitu kizuri mkononi. "Hakuna," akasema. "Nauliza tu. Bado unataka?"

"Nataka. Ila kwanza utasimama mbele ya wenzako, uyaweke sawa. Watoto hawawezi kufundishwa na mtu ambaye kwaya ya wakubwa inamnunia."

Akasimama. Alisema kwa kifupi, bila kupamba na bila kujipiga kifua: alichosema hakikuwa kweli, alikisema kwa sababu ya woga, na anaomba msamaha. Kisha kutoka safu ya nyuma, besi wote kwa pamoja wakaanza kuvuma taratibu, mmmmmm, kama friji, na mtu wa mwisho kwenye safu akaimaliza kwa ule mshtuko wa friji inapozima. Kanisa likaangua kicheko. Safari hii Filimbi alijua wanamcheka yeye, na ajabu ni kwamba hakufa.

Si wote waliocheka lakini. Dada mmoja wa sauti ya tatu, ambaye Filimbi hata hakuwa amemtaja, alimwambia pembeni kwamba yeye atachukua muda kumwamini. Filimbi akasema anaelewa. Na kweli alichukua muda.

Nyumbani, simu ilihamishiwa juu ya kabati la sebuleni, ikawa inalala huko. Asubuhi ya kwanza mkono wa Filimbi ulipapasa chini ya mto, ukakuta mto. Akakaa kitandani kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Kisha akapiga magoti, akaanza kuomba, akalala usingizi mzito papo hapo. Shemeji, aliyerudi alfajiri na kuingia kuchukua ndoo ya jikoni, alipita mlangoni akaona mtu amepiga magoti kwa unyenyekevu mkubwa, akarudi kwa kunyata kumwambia mkewe jinsi binti alivyobadilika. Ndipo wakasikia anakoroma.

Lakini alirudia. Akagundua kwamba akiomba amesimama dirishani halali. Akawa anasoma fungu fupi la Neno, halafu anamweleza Mungu hali ya moyo kama ilivyo, bila kuipiga pasi: leo nina wivu, leo naogopa, leo nimeamka mzito na sijui kwa nini. Zipo asubuhi ambazo hakusikia chochote zaidi ya majirani wakifungua mageti. Zipo ambazo neno moja alilosoma lilitembea naye mpaka kazini na kukaa naye kaunta mchana kutwa. Na simu alipoishika baadaye, yule wa pete na yule wa makabati meupe walikuwa bado wapo. Alianza kuwaandikia hongera, na wakati mwingine alimaanisha kabisa. Kuna wiki aliyoteleza, simu ikarudi chini ya mto, na akaamka akiwa ameshashindwa mbio kama zamani. Jioni yake akairudisha kabatini, bila kujihukumu sana.

Watoto waliimba Jumapili ya kwanza baada ya mama yake Mpole kuanza kutoka nje. Nusu yao walianza kabla ya kinanda, nusu nyingine wakasubiri kinanda kimalize, na mmoja wa mbele aliimba wimbo tofauti kabisa, kwa furaha. Filimbi aliwaongoza kwa mikono yote miwili kama anayesimamisha magari njia panda. Mama yake Mpole alipiga makofi kwa mkono mmoja kwenye goti, mwingine ukilinda mshono. Mpole, aliyekuwa amemaliza kukasirika siku ambayo hakuna aliyeitangaza, alikaa safu ya mbele akiwaimbia watoto maneno kwa midomo.

Siku iliyofuata Filimbi aliingia dukani akiimba, akasalimia pazia kama kawaida. "Shikamoo, mama!"

Mama Pasi alipita na rundo la mashati, hakugeuka, hakuitikia, akaendelea na kazi.

Kichwani kesi ikaanza kuitwa. Amekasirika. Ni ile siku niliyomwachia kaunta. Au amesikia jambo. Filimbi alisimama na kibandiko cha namba kimemganda kidoleni. "Bwana," akanong'ona, "hili limekuja. Ngoja nikaulize." Akalivuta pazia.

"Mama, kuna jambo nimekukosea?"

Mama Pasi akageuka. Shavu la kulia lilikuwa limevimba kama limeficha yai. Akafungua mdomo kidogo, akaonyesha pamba, akaashiria kwa vidole viwili jinsi daktari alivyoling'oa jino, na jinsi lilivyokataa kutoka.

"Pole, mama," akasema Filimbi. "Pole sana. Keti, hayo mashati nitayapanga mimi." Akamwekea kiti, akamletea maji ya uvuguvugu, kisha akatoka mbele, ambako mteja wa kwanza alikuwa ameshamwaga koti lake juu ya kaunta na anauliza kama litakuwa tayari kesho.